Maman Constance na Mlima wa Katoni

Karatasi yoyote iliyofika mikononi mwa Maman Constance ilipindwa kabla ya kusomwa. Aliishika kwa ncha za vidole, akaipinda kidogo kwa urefu bila kuivunja, akaiachia. Kisha akaipinda kwa upana, akaiachia. Hapo ndipo alipovaa miwani. Nilimwona akifanya hivyo kwa kadi za harusi, kwa karatasi za nyimbo kanisani, kwa matokeo ya vipimo aliyoletewa kutoka hospitali ya Katana. Siku ya kumzika mume wake, kaka yake alimpa tangazo la kifo lenye picha ya marehemu, naye mbele ya watu wote akalipinda mara mbili kama kawaida yake. Wakwe zake walinong'ona. Mimi nilikuwa bado simfahamu vizuri, nikadhani ni huzuni. Baada ya miezi kadhaa nilipomuuliza, alishangaa. Hakujua kwamba anafanya hivyo.

"Karatasi iko na mugongo, Mwalimu," aliniambia. "Unaipinda hivi, inakubali. Unaipinda hivi, inakataa. Sasa nitasoma kitu kabla ya kujua mugongo yake iko wapi?"

"Kusoma na mgongo vinahusiana nini, Maman?"

"Miye sijui. Weye njo mwenye ulisoma."

Maman Constance Cirhuza alikuwa mtengenezaji wa prezantwari. Neno hili tumelipata kutoka Kifaransa na limekwisha kuwa letu: ni kile kibanda kidogo cha katoni iliyokunjwa, kinachosimama juu ya rafu ya duka au kando ya keshia, kikibeba bidhaa na kumwita mtu anayepita. Wengi hudhani vibanda hivyo vinatoka ng'ambo pamoja na bidhaa zake, na vingi vinatoka huko kweli. Lakini kwa miaka kumi na minane, sabuni za hapa Bukavu, asali, kahawa, mishumaa na juisi ya marakuja vilisimama madukani juu ya kazi ya mwanamke mmoja wa Kadutu, aliyeishi katika nyumba ya mbao kwenye mteremko, chumba cha mbele kikiwa kimejaa katoni tupu hadi dirishani. Alifariki huko Shabunda msimu wa mvua uliopita. Jina lake halikuandikwa kwenye hata kibanda kimoja. Kwa hiyo naliandika hapa.

Alianza kama mshonaji. Mafundi wa nguo hukata kwanza umbo kwenye karatasi, kisha kwenye kitambaa, na yeye alikata maumbo yake kwenye mifuko ya saruji iliyooshwa. Nyuzi zake zilikuwa zikimpotea kila siku, basi akakunja katoni moja ya biskuti ikawa ngazi nne, akapanga vigurudumu vya nyuzi kwa rangi, akaweka mlangoni. Papa Jacques, mwenye duka la dawa jirani, alikuja kupunguziwa suruali, akaisahau suruali.

"Hii ulinunua wapi?"

"Ku kichwa yangu."

"Kichwa yako inauzisha ingine?"

Aliuza. Baada ya Papa Jacques alikuja mwenye mishumaa, kisha watawa wa jamu, na mashine ya cherehani ikabaki ya kushonea sare za shule wakati wa likizo tu.

Namna yake ya kufanya kazi haikufundishwa na mtu, na sidhani kama ingeweza kufundishwa haraka. Alipoitwa dukani, hakuanza kwa kupima rafu. Alimwomba mwenye duka kiti chake. "Nionyeshe kiti yako," alisema, akaketi nyuma ya kaunta, mkoba juu ya magoti, akakaa hapo kama saa nzima akiangalia. Mara ya kwanza nilipofuatana naye niliona aibu. Baadaye nilielewa. Katika maduka yetu madogo mwenye duka yuko peke yake, na macho yake ndiyo ulinzi wake. Kitu chochote kinachomzuia kuona mikono ya wateja, atakiondoa siku hiyohiyo, hata kiwe kizuri namna gani. Maman Constance alitafuta kwanza njia ambazo macho hupitia, ndipo alipotafuta mahali pa kuweka kibanda.

Hakutumia gundi. Mvua yetu huanza Septemba na kuonekana kama haitakwisha, unyevu unapanda kutoka ziwani, na gundi hufunguka taratibu kama mdomo wa mtu aliyelala. Kila kitu kwake kilishikana kwa ulimi na tundu: ulimi wa katoni uliingia kwenye tundu lake ukajifunga wenyewe. Alikwaruza mistari ya mikunjo kwa mpini wa kijiko cha alumini, akiangalia mifereji iliyo ndani ya katoni isimame wima, maana ikilala haibebi kitu. Kazi ikiisha, kibanda kizima kililala bapa kama shati lililopigwa pasi, kikasafiri mgongoni mwa mtu wa pikipiki, na dukani kikasimama kwa kuvutwa mara moja. Na upande wa ndani aliuacha mweupe siku zote, kwa sababu umeme hukatika na duka hubaki na mwanga wa mlango peke yake. Weupe ule uliuokota mwanga na kuurudisha juu ya bidhaa.

Mimi nilimwandikia maneno. Nilikuwa nafundisha Kifaransa na Kiswahili katika shule moja ya sekondari, na yeye alihitaji mtu wa kuandika yale yanayokaa juu, kwenye ubao wa kibanda. Nilidhani ninamsaidia. Wiki ya kwanza nilimletea sentensi moja nzuri kuhusu asali, niliyoihangaikia jioni mbili.

Aliipinda karatasi, akavaa miwani, akasoma polepole hadi mwisho.

"Ni muzuri," alisema. "Ni muzuri sana. Sasa niambie, mutu iko na mufuko mu mukono, mutoto ku mugongo, mvua iko inamungoja inje. Hii yote atasoma saa ngapi?"

Nilibaki na neno moja: Asali. Hata hilo aliliangalia kana kwamba lingeweza kupungua.

Ninachotaka kusimulia kilitokea miaka michache iliyopita, kati ya Alhamisi moja ya mwezi wa tatu na Jumatatu ya siku ya kumi na moja baada yake. Siku chache kabla ya Alhamisi hiyo Maman Maombi alikuja kutoka Katana. Alikuwa mama mrefu, mwenye sauti ya watu waliozoea kuitana kutoka shamba hadi shamba, kiongozi wa akina mama ishirini na watatu waliosaga unga wa uji: mahindi, soya na mtama. Unga ulikuwa mzuri. Lakini kwa mwaka mzima ulikuwa umekaa kwenye rafu za chini za maduka matatu, nyuma ya makaa na sabuni, na mara mbili ulirudishwa Katana ukiwa na wadudu. Baadhi ya akina mama walikuwa wamechoka. Walikubaliana kwamba wakishindwa tena, mashine ya kusagia itauzwa, nao watarudi kuwauzia mahindi yao mabichi wachuuzi wa malori, kwa bei ya wachuuzi.

Sasa duka moja kubwa la mjini lilikuwa limewapa nafasi kando ya keshia. Meneja wake, kijana aitwaye Hugues, aliwapa siku kumi na moja, kuanzia Alhamisi hiyo hadi Jumatatu, lundi kama tunavyosema hapa.

"Alisema, kama inasimama na inauza, fasi ni yetu," Maman Maombi alitueleza. "Kama inaanguka, lundi anaipatia mwenye biskuti. Na hatatupokea tena. Maman, ile fasi, kila mutu anayelipa anapita pale. Kila mutu. Hata mwenye alikuja kununua msumari."

"Pakiti iko na uzito gani?"

"Nusu kilo."

Maman Constance aliichukua pakiti aliyoletewa, akaigeuza, akaigonga na meza, akaiweka kwenye kiganja na kufumba macho. Kisha akatabasamu, na niliona kwamba kazi imeanza.

Kibanda cha kwanza kilikuwa kizuri. Ngazi tatu, pakiti nane kila ngazi, uso ulionyooka, weupe ndani, na juu yake maneno matatu tu, Uji wa Katana. Alhamisi alikisimamisha mwenyewe, akapanga pakiti ishirini na nne, akaketi kwenye kiti cha keshia akaangalia, akasogeza kibanda upana wa vidole viwili, akaangalia tena. Wiki nzima watu walichukua unga. Hugues mwenyewe alinipigia simu kusema kwamba mambo ni mazuri, ila aletewe mwingine mapema.

Jumamosi ya wiki ya pili akina mama wa Katana walikuja kujaza wao wenyewe kwa mara ya kwanza. Saa sita mchana simu yangu ililia tena.

Tulipofika, unga ulikuwa umetapakaa hadi kwenye mlango. Keshia alikuwa akipiga chafya. Kibanda kilikuwa kimepiga magoti, ngazi ya chini imejikunja, na pakiti kumi na kitu zimepasuka sakafuni. Maman Maombi na wenzake wawili walikuwa wamesimama ukutani kama wanafunzi walioitwa ofisini. Hugues alikuwa na ufagio mkononi, na hasira yake ilikuwa ya adabu, ile mbaya zaidi.

"Maman, apa haiko soko ya Nyawera," alisema. "Apa ni duka. Kujaza iko na mustari yake."

"Ninaiona, mutoto wangu," alijibu Maman Constance.

Hakuangalia unga. Alichuchumaa mbele ya kibanda, akapitisha kidole kwenye mkunjo uliokufa, akainuka akishikilia goti lake.

"Maman Maombi, mulijaza ngapi?"

"Tulijaza tu."

"Ngapi?"

"Arobaini na moja," alisema mama mmoja mfupi kwa sauti ya chini.

"Arobaini na moja!" Nilishindwa kunyamaza. "Maman Maombi, kiliandikwa ishirini na nne. Niliandika mimi mwenyewe, nyuma, kwa wino mwekundu."

Maman Maombi alinigeukia, na sasa naye alikuwa amekasirika. "Mwalimu, tulisoma. Batu bote tunasoma. Lakini ulitaka tuache vile, sawa, sawasawa, kama kitu iliyokatwa na wembe? Mutu ataona tunamunyima. Tuliweka na ya juu, vile batu bazima banaweka."

Nilifungua mdomo kujibu, na Maman Constance akanishika mkono. Alimwambia Hugues, "Unipe mpaka lundi asubui."

"Mwenye biskuti anafika saa tatu."

"Basi miye nitafika saa mbili."

Nilidhani tutapanda nyumbani moja kwa moja. Badala yake alishuka Nyawera, mimi nyuma yake, mvua ya manyunyu juu yetu, tukipita kati ya wabeba mizigo na pikipiki hadi kwenye safu ya wauza nafaka. Alisimama kando ya mama mmoja muuza maharagwe na akaanza kuangalia, kama alivyoangalia akiwa kwenye kiti cha mwenye duka. Alikaa hapo mpaka yule mama akachoka.

"Maman, unanunua ao unanilinda?"

"Ninajifunza."

"Kujifunza nayo ni bure?" Wenzake walicheka.

Alikuja mteja, msichana mwenye mwavuli uliovunjika. Muuzaji alijaza kopo la maharagwe, akapitisha kiganja juu. Msichana hakunyosha mkono kupokea. "Eh, maman! Umenyoa?" alisema. "Mulima iko wapi?" Muuzaji alicheka, akamimina konzi nyingine, ikapanda juu ya kopo ikawa kilele, punje za pembeni zikianguka, kisha akaongeza tena tatu kwa vidole. Hizo tatu hazikuwa chochote. Lakini ndizo msichana alizoziangalia, na ndizo zilizomfanya afungue mfuko wake.

Nimezaliwa katika mji huu. Nimenunua maharagwe Nyawera tangu utotoni, nimedai mlima wangu kama kila mtu, na hadi siku ile sikuwa nimeuona. Kwetu, kilicho sawasawa na ukingo ni kilichopunguzwa. Mwenye kujaza hadi ukingo na kuacha amekuambia jambo fulani kuhusu moyo wake. Akina mama wa Katana hawakuvunja kibanda kwa ujinga. Walikivunja kwa heshima.

Maman Constance alinunua maharagwe yake, akadai mlima, tukaanza kupanda.

"Nilipima rafu," alisema tulipopumzika kwenye ngazi. "Nilipima pakiti. Nilipima mpaka macho ya yule mutoto wa keshia. Mukono ya mwenye kujaza sikuipima. Miye njo nilikosa, Mwalimu. Usimukasirikiye tena Maombi."

"Utamwambia asijaze?"

"Utamuambia mutu asikuwe na roho muzuri? Apana. Tutatafuta katoni yenye iko na mulima tayari."

Jumapili, siku ya Mungu kama tunavyoiita, tulisali misa ya kwanza, na baada ya hapo alifunga kitenge kiunoni na kuvuta kutoka nyuma ya kitanda katoni ya friji, ile ya kuta mbili, aliyokuwa ameihifadhi tangu mwaka uliotangulia bila kuniambia kwa ajili ya nini. Mimi nilishikilia pale aliponiambia nishikilie. Kibanda kipya hakikuwa na uso ulionyooka. Ndani yake alikunja kilima: ngazi zilizopanda kutoka mbele na pande zote mbili kuelekea katikati, kila moja fupi kuliko iliyo chini yake, hadi kilele cha pakiti mbili. Chini ya pakiti hakukuwa na kitu, hewa tu na kuta za katoni zilizoshikana ndimi. Kwa nje mtu angeona unga umerundikwa hadi juu.

Cha kwanza kilisimama lakini kiliyumba. Alikifungua chote, akakwaruza upya. Cha pili kilisimama vizuri. Tukapanga pakiti, tukatoa tano kama wateja, na pale zilipotoka pakabaki matundu meupe, kama mdomo wenye mapengo. Alikaa chini. Alikiangalia kwa muda mrefu hata maharagwe yakaanza kuungua jikoni.

"Ni weupe yangu," alisema mwishowe.

Miaka yote ile weupe wa ndani ulikuwa ndiyo sahihi yake. Maduka yalimjua kwa weupe ule. Alikigeuza kilima ndani nje, upande wa kahawia ukakaa juu, rangi ileile ya mifuko ya unga. Tulipotoa pakiti tano, jicho halikuona pengo, liliona mlima. Akabakiza weupe mahali pamoja tu, ukanda mwembamba mbele, chini ya pakiti za kwanza, ili mwanga wa mlango upate pa kushika. Kuna watu wanaojua kazi, na kuna wachache wanaoweza kuiacha kanuni yao wenyewe kabla ya chakula cha mchana bila kulalamika. Niliwaza hivyo nikiwa nimeshikilia ncha ya katoni, na sikusema, maana angenicheka.

Kisha alikijaribu. Alikipandisha kwenye ubao juu ya sufuria ya maharagwe, mvuke ukakipiga pande zote, hadi katoni ikawa na joto la mwili. Akapanga pakiti zote. Juu yake akaweka pasi ya makaa. Juu ya pasi, akishirikiana nami, kichwa cha mashine ya cherehani.

"Maman, ni unga tu!" nilisema.

"Shika pale, Mwalimu."

Kilisimama. Tulikula maharagwe yaliyoungua tukikiangalia.

Jumatatu saa mbili tulikuwa mlangoni. Maman Maombi alikuwa amefika na gari la kwanza, macho mekundu. Aliniambia hakulala, akina mama wengine walikuwa wamekwisha kutaja jina la mtu wa kununua mashine. Maman Constance alikivuta kibanda mara moja, kikasimama, akarudi nyuma.

"Jazeni," aliwaambia.

"Ngapi?"

"Jazeni tu, mpaka mutaona inatosha."

Walijaza. Walianza chini, wakapanda, wakaweka mbili za kilele. Maman Maombi alishika pakiti nyingine, akazunguka huku na huku, akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayeangalia kitambaa kwenye mwili. Kisha akairudisha pakiti kwenye gunia.

Mwenye biskuti alifika mapema, akiwa na tai na kibanda chake cha plastiki chekundu kinachong'aa. Alikiangalia kile cha katoni na kucheka kidogo, bila ubaya.

"Maman, yangu inaweza kukaa miaka tano."

"Miaka tano!" alisema Maman Constance. "Biskuti yenyewe itangoja yote ile?"

Keshia aliangua kicheko. Hugues hakucheka. Alikuwa anauzunguka mlima.

"Hapa kuna ngapi? Msiniambie sitini, rafu yangu haiwezi."

"Hesabu," alisema Maman Maombi.

Alihesabu kwa kidole. Alihesabu tena. "Ishirini na nane?"

"Ishirini na nane."

Alitoa pakiti sita, akarudi hadi mlangoni, akaangalia kutoka pale kama mteja anayeingia. Akatoa nyingine nne. Mlima ulikuwa bado mlima. Nilimwona akifikiria jioni zake zote, rafu zenye mapengo saa kumi na moja, watu wakiingia na kuona duka lililochoka. Alizirudisha pakiti zote mahali pake, kwa mikono yake.

"Pole, papa," alimwambia mwenye biskuti. "Nitakutafutia fasi kule ku mwisho."

Maman Maombi hakupiga vigelegele kama nilivyotazamia. Alikaa juu ya gunia lake na kufunika uso kwa kitenge, na Maman Constance akasimama kando yake, mkono juu ya bega, wakikaa hivyo huku wateja wa kwanza wakiingia.

Mashine ya Katana haikuuzwa. Unga ule upo hadi leo kando ya keshia, na sasa upo katika maduka mengine sita. Mlima wa katoni uliigwa; niliuona mwingine Uvira, umebeba sabuni, ukiwa umeunganishwa kwa gundi na kuinama upande mmoja. Nilimwambia kwa hasira, naye akauliza tu ni katoni ya namna gani walitumia. Macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. Mistari ya kijiko ilipinda, akawa anaifuata kwa kucha badala ya kuiona, na kwa mwaka mzima bado ilinyooka kuliko ya mtu yeyote. Kisha ikaacha kunyooka, naye akaacha kazi siku hiyohiyo. Binti yake Martine ni muuguzi Shabunda, ambako barabara haifiki kwa uhakika na watu huenda kwa ndege ndogo. Alimchukua. Katika chumba cha mbele kilibaki kitanda peke yake, na mwangwi ambao sikuwahi kuusikia katoni zilipokuwamo.

Alinipigia simu mara chache. Mtandao wa huko ni wa kuokoteza, na Martine ilimbidi amshike mkono hadi mahali palipoinuka. Mara ya mwisho ilikuwa asubuhi, wiki mbili kabla ya homa iliyomchukua. Aliniuliza habari za shule, za goti langu, za mvua. Kisha akauliza kama ule mlima wa unga bado unasimama.

Nilimwambia unasimama. Nilimwambia pia, kwa sababu nilitaka kumchekesha, kwamba akina mama wa Katana wamepata njia: siku hizi wanaegemeza pakiti sita zaidi kwenye ubao wa maneno, juu kabisa ya kilele, na nimewaambia mara mbili wazitoe na hawasikii.



"Acha tu baweke, Mwalimu," alisema. "Ile sita nilibahesabiyaka tangu ile siku ya Mungu, ile ya pasi na mashine."